Jino Lililompa Baba Yako Jina Baya

Gendabi, Jumamosi mchana

Mwanangu Marselina,

Kuhusu afya yangu sina la kuandika, maana jioni hii tutakula ugali sahani moja na utaniona mwenyewe. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Isome leo kabla hujalala. Usiiweke ukaisomee kwenye basi wala kwenye ndege, kwa sababu kilichomo kinatakiwa kufanya kazi kesho asubuhi, wakati baba yako atakapobeba begi lako kwenda barabarani.

Utashangaa kwa nini mama anakuandikia wakati tunalala nyumba moja. Ni kwa sababu jana nilijaribu kusema nikashindwa. Wewe mwanangu una kipaji cha kumkatiza mtu, sijui umekirithi kwa nani. Baba yako anasema yeye anajua. Sasa umekwenda Maretadu kumuaga bibi yako, kuku wameshiba, maharage yako motoni, na karatasi haikatizwi.

Mambo ya sweta, soksi na dawa ya mafua siandiki. Baba yako ameshayasema na kesho atayarudia. Tangu asikie kwamba Ulaya kuna baridi kuliko huku, anautazama mlima Hanang kwa dharau, kana kwamba ulikuwa unatudanganya. Mimi nataka tuzungumze ile hotuba yako.

Jana ulikaa jikoni, simu mkononi, ukanisomea kwa Kiswahili yale utakayoyasema kwa Kiingereza siku ya kwanza, mbele ya wenzako wa mataifa yote mnaoendesha hiyo kampeni ya kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Ulisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Ukaanza: "Mimi ni binti wa mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi akanyamaza." Halafu ukanionesha picha itakayokuwa ukutani nyuma yako wakati unasema, ile waliyokutumia kutoka ofisini kwenu, na picha yenyewe ni mimi.

Nikacheka. Nisamehe, mama. Nilicheka lile neno "akanyamaza". Mimi! Kamuulize mwenye mashine ya kusaga. Kamuulize katekista, ambaye hupitia shambani kwa watu akiniona nakuja siku ambayo kwaya imeimba vibaya. Katika Gendabi hii nimenyamaza siku moja tu ya maisha yangu, na siku hiyo nilikuwa na pamba mdomoni.

Wewe ukaona kicheko ukadhani nafunika maumivu. Ukanikumbatia, ukasema, "Mama, huna haja ya kuficha tena." Nikakuambia baba yako hajawahi kunipiga. Ukalia zaidi, ukasema, "Wote husema hivyo, mama." Hapo nikaishiwa nguvu, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa na kikao kizima cha akina mama, na yalikaribia kututoa dume zizini.

Kitu ambacho hukukiona, kwa kuwa ulikuwa umenikumbatia, ni kwamba baba yako alikuwa nje ya dirisha anagongea mpini wa jembe. Uliposema "aliyepigwa na mumewe", nyundo ilisimama. Haikuanza tena. Nilipotoka nilimkuta amekaa na yule ndama mgonjwa, anamkuna shingo. Niliumia sana, Selina, na ndiyo sababu ya karatasi hii.

Sasa tulia usinikatize.

Mwaka ule ulikuwa bweni, Mbulu mjini. Bi Zuhura, afisa ustawi wa jamii aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, yule aliyekuwa akilalamika kwamba maji ya huku yanauma, ndiye aliyetuletea wageni wa kampeni. Walikuja na magari meupe, maboksi ya fulana, na mpiga picha, dada mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye haraka. Tukakusanyika kwenye uwanja wa josho. Kila mwanamke akapata fulana na soda. Fulana yangu ilikuwa na Kiingereza kifuani. Niliilimia mpaka ikachanika, na sikuwahi kujua nilikuwa natangaza nini kwa mahindi.

Siku hiyo nilikuwa na jino. Gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza kuuma kwenye taya, likapanda sikioni, likafika mahali ambapo mtu akikuamkia unataka kumpiga. Nilikaa kwenye benchi nimeshika shavu, macho yamejaa machozi. Nyuma yangu alisimama jirani yetu Martina, ameniwekea mkono begani, ananinong'oneza vichekesho ili nisahau maumivu. Unamjua Martina, anaweza kumchekesha hata mfiwa. Alikuwa ananieleza jinsi yule mpiga picha anavyoruka mavi ya ng'ombe, akaupa kila mruko jina lake.

Mpiga picha akaniona. Akawaacha wanawake wote akanijia mbio. Mkalimani, kijana wa Arusha, akasema, "Mama, anaomba usibadilishe uso. Anasema uso wako unasema kila kitu." Na kweli ulikuwa unasema, ulikuwa unasema ng'oeni hili jino. Halafu akasema huyo mama wa nyuma aache kucheka, anaharibu. Martina akajitahidi, maskini. Akabana midomo mpaka akatoa mlio wa birika linalochemka. Mwisho wakamwambia asogee pembeni, lakini mimi nikaushikilia ule mkono usiondoke begani, maana ndio ulikuwa dawa yangu. Wakapiga hivyo hivyo.

Wakaniuliza kama nakubali picha itumike. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu mwenye jino anaitikia chochote, hata kuozwa upya. Sikuuliza itumike wapi, wala itaandikwa maneno gani. Hilo lilikuwa kosa langu, na nimelilipia. Wewe huko ofisini ukimwona mwanamke ameitikia kwa kichwa, mrudie siku nyingine umuulize tena, akiwa hana jino.

Lile bango lilikuja baada ya mavuno, wakati mimi jino nimeshalitoa na nimelisahau. Likabandikwa zahanati, likabandikwa stendi ya Katesh, likabandikwa hata kwenye ukuta wa duka la pembejeo. Uso wangu ulikuwa mkubwa kama ungo. Chini yake maandishi: NILIVUMILIA KIPIGO. NILINYAMAZA. WEWE USINYAMAZE. Martina walikuwa wamemkata. Alibaki mkono peke yake begani kwangu, na kile kidole cha mwisho kilichopinda.

Kidole kile tulikijua wote. Alisema ndama alimvuta na kamba. Kati ya boma lao na letu kuna uzio wa minyaa tu, na sauti haizuiwi na minyaa. Baadhi ya nyakati tulisikia, nami nikamwambia baba yako, "Ndama wa Gwandu ni mkorofi sana." Gwandu ndiye mumewe. Baba yako alinitazama tu. Nilijua, Selina. Nilimkubali yule ndama kwa sababu kumsema ndama ni rahisi kuliko kumsema Gwandu, na kwa sababu Martina kila asubuhi alikuja kisimani anacheka, na mtu anayecheka tulimhesabu kuwa mzima.

Basi bango likaanza kazi. Watu wakaanza kuja kunipa pole. Mwanzoni nilikataa, nikaeleza habari ya jino, wakatikisa vichwa kwa huruma na kuacha unga mlangoni. Mama mmoja kutoka upande wa bondeni akaniletea kuku. Nilikataa, akalia. Nikampokea. Tulimchinja jioni ile, na baba yako akala paja lake taratibu, akauliza, "Nyama ni tamu, Mama Selina, lakini hivi tunamlia nani?" Nikamwambia anajilia yeye mwenyewe, ale tu.

Wewe unamjua baba yako. Huyu ni mtu anayemwambia ng'ombe "samahani" kabla ya kumsogeza. Kuku akiwa na vifaranga uani, yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Sasa kwa ajili ya uso wangu akawa jambazi wa kata nzima. Mashineni watu walimpisha apite mbele. Wanawake waliokuwa wakimtania kisimani wakawa wanaita watoto wao ndani. Yeye hakukasirika. Alikuwa anarudi nyumbani na unga mapema, ananiambia kwa aibu kwamba hata foleni hawakumwacha apange.

Kilichomvunja ni Gwandu. Siku moja baba yako alirudi kutoka mnadani amenyong'onyea, akakaa jikoni na kofia kichwani, jambo ambalo halifanyi. Nikamuuliza amepatwa na nini.

"Gwandu kaninunulia pombe," akasema.

"Si afadhali?"

"Kanipiga begani mbele za watu. Kasema, kumbe na wewe ni mwanaume, tulikuwa hatujui." Akavua kofia. "Ananiita mwenzake, Mama Selina. Mimi nimefanya nini mpaka Gwandu aniite mwenzake?"

Sikucheka siku hiyo.

Haikupita muda wanawake wakakaa. Najua umekulia bweni na chuo, kwa hiyo nikueleze kukaa ni nini, na ukawaeleze hao wenzako wanaodhani kampeni imeletwa huku na magari meupe. Bibi zetu walikuwa nayo, na jirani zetu Wadatoga wanayo mpaka leo. Mwanaume akimdhalilisha mwanamke, wanawake wote wanaacha kazi. Hakuna kukama, hakuna kuchota maji, hakuna kupika. Wanachukua fimbo, wanakwenda kukaa uani kwa aliyekosa, na hawaondoki mpaka atoe dume. Wanalichinja wenyewe, wanalila wenyewe, na mwanaume haonji hata supu. Mimi nimekaa mara kadhaa kwa watu wengine na ninakiri nyama ile huwa tamu ajabu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja watakaa kwangu.

Niliamka asubuhi nikawakuta uani, wamejaa mpaka kwenye zizi, mbele yao Bibi Katarina na fimbo yake ndefu. Bango walikuwa wamelibandua zahanati wakaliegemeza kwenye kihenge chetu kama shahidi. Martina naye alikuwemo, katikati ya wengine, na fimbo yake.

Baba yako akatoka. Akawatazama wote, akawaamkia wakubwa, akarudi ndani. Nikadhani amekimbia. Akatoka na sufuria ya chai, akaanza kuwagawia, anauliza mmoja mmoja, "Sukari inatosha, mama?"

"Mwoneni," akasema mama mmoja, "anavyojifanya mpole mbele za watu."

"Wa hivi ndio wabaya," mwingine akajibu, akapokea kikombe.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono, kwamba lile lilikuwa jino. Bibi Katarina akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, wote husema hivyo. Mwingine aliniambia alijikwaa. Mwingine alisema ni mlango. Wewe umesema jino, haya, ni jipya."

Nikapandwa na hasira, nikasema basi njooni muone wenyewe, jino lilikuwa hapa, nikafungua mdomo nikawaonesha pengo.

Ua mzima ukashtuka. "Mungu wangu, kamng'oa mpaka jino!"

Nakuambia Selina, kila nilivyozidi kueleza ndivyo dume lilivyozidi kusogea mlangoni. Nikasema kaiangalieni kadi ya zahanati, wakasema walijua lazima alinipeleka kutibiwa usiku. Nikapiga kelele, wakasema ona jinsi alivyochanganyikiwa. Nikanyamaza, wakaonyesha bango. Na baba yako, badala ya kunisaidia, akamwendea Bibi Katarina akasema, "Bibi, kama dume litawafanya mrudi nyumbani mpumzike, mchukueni Diwani." Diwani ndilo lilikuwa dume letu. Tulilipa jina hilo kwa kuwa lilikula vizuri na kazi halikufanya.

"Amekiri!" wakasema.

Nilitamani kweli anipige, angalau dume letu liende kwa haki.

Wawili wakawa wamekwenda kufungua zizi. Ndipo Martina akainuka. Alipita katikati ya wanawake bila kusema kitu, na hilo peke yake liliwafanya wote wageuke, maana Martina hapiti mahali bila kusema kitu. Akafika kwenye kihenge. Akauweka mkono wake juu ya bango, kando ya ule mkono uliobaki begani kwangu, kidole kilichopinda karibu na kidole kilichopinda.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Mama Selina alikuwa anaumwa jino. Mimi ndiye nilikuwa nacheka." Akapumua. "Sina ndama mkorofi. Dume mnalolitafuta liko ng'ambo ya minyaa."

Mimi nilitazama chini, maana nilimwona yule ndama wangu wa uongo amesimama katikati ya ua na kila mtu anamwona.

Bibi Katarina akainuka, akajikung'uta vumbi, akamrudishia baba yako kikombe. "Baba Selina, asante kwa chai. Sukari ilitosha." Halafu ua mzima ukainuka na fimbo zake, ukapita kwenye upenyo wa minyaa kwenda kwa Gwandu, nami nikaenda nao. Nilipogeuka nilimwona baba yako anakuja nyuma mbio na sufuria, anaita, "Jamani, chai bado ipo!"

Gwandu alikuwa amepata habari. Dume lake lilikuwa limekwisha kufichwa kwa kaka yake, na mwenyewe alikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Tukakaa. Hakukamwa ng'ombe kijiji kizima. Jioni ilipofika ng'ombe walikuwa wanalia, watoto wanalia, na waume wa watu wanaunguza ugali. Siku iliyofuata wanaume wenyewe wakaenda kwa huyo kaka wakalileta dume wanalivuta kwa kamba, wamenuna, mmoja ana shati lililoungua mkono. Wakamtoa na Gwandu stoo. Martina alipewa figo, sehemu ya heshima. Aliila yote, akasema ina chumvi kidogo.

Bi Zuhura alirudi kutoka likizo akatukuta tumeshiba. Akasema dume ni dume na sheria ni sheria, akampandisha Martina pikipiki mpaka polisi Katesh, kwenye dawati la jinsia, wakaandika maelezo yake. Sitakudanganya kwamba Gwandu amekuwa malaika. Mkono aliuacha, mdomo anao mpaka leo. Martina alijenga chumba chake kwenye kipande cha juu, upande wetu wa uzio, na baba yako ndiye aliyemsaidia kuezeka. Alidondoka kwenye ngazi, akaomba samahani kwa ngazi.

Wageni wa kampeni waliporudi mwaka uliofuata, waliandika kwamba bango lao lilileta mabadiliko makubwa Gendabi. Nikafikiri kuwabishia, nikaona hawajasema uongo.

Sasa nafika kwako. Likizo ile ulirudi umeliona bango stendi. Ulimwamkia baba yako shikamoo ukiwa unatazama ukuta. Ulimwekea chakula mezani ukaondoka kabla hajanawa. Ulikuwa mdogo, una hasira nzuri, unanifuata kila mahali kama mlinzi. Nilimwambia baba yako, mwite mtoto umweleze. Akakataa. Akasema, "Nikimwambia sikufanya, nitakuwa nimesema wanavyosema wote. Na msichana aliyekasirika kwa ajili ya mama yake, sitaki kumpoza. Siku moja mwingine ataihitaji hasira hiyo." Nikamwona mjinga. Nikasema basi atasikia mwenyewe, habari yenyewe Gendabi nzima inaichekea mpaka leo. Halafu ukaenda kidato cha tano, ukaenda chuo, na kila mmoja wetu alidhani mwingine ameshakuambia. Kumbe ulikuwa unaibeba tu ile hasira, ukaisomea mpaka ikakupa kazi. Mimi mama yako, mwenye maneno ya kutosha kata nzima, hilo moja sikulisema. Linanichoma.

Usije ukafikiri kwamba sasa kazi yako imejengwa juu ya uongo, ukaanza kurudisha tiketi. Nakufahamu. Mwanamke alikuwa akipigwa kweli, ila hakuwa yule mliyemtazama. Wewe nenda. Na huko wakikuletea picha kumi za kuchagua, wewe uliza nani alikatwa. Mwenye uso wa huzuni huenda ana jino. Anayewachekesha wenzake kisimani, huyo mkaribie, kaa naye, usimharakishe. Mimi nilikaa naye miaka na bado nilimsingizia ndama.

Leo asubuhi ulipoondoka nilikwenda kwa Martina. Nilimwuliza kama anakubali umtaje huko mbele za watu. Hana jino siku hizi, nimehakikisha. Akaendelea kupepeta maharage. Akasema, "Anitaje jina langu. Na aseme nilikuwa nacheka, asije akanifanya mnyonge. Na amwambie yule mpiga picha kwamba nilimhesabia miruko yake yote."

Kuhusu baba yako, usimwombe msamaha kesho mbele ya watu, atakimbia. Usimlilie pia, atadhani ndama amekufa. Mwamkie tu kama mtoto anavyomwamkia baba yake, ukimtazama usoni, halafu mwachie mkono wako kidogo. Atakuambia habari za soksi. Zisikilize zote mpaka mwisho.

Jambo moja nimelikuta mchana huu nikipanga nguo zako. Ndani ya sweta la kijani, baba yako ameficha lile bango, amelikunja vizuri. Miaka yote hii lilikuwa nyuma ya kabati, mimi nikidhani lilichomwa. Nilikwenda kumuuliza zizini kwa nini anakuwekea kitu kilichomharibia jina. Akasema, bila kunitazama, "Ndiyo picha yako pekee iliyotoka vizuri. Mtoto anakwenda mbali, atataka kumwona mama yake."

Libandike huko ofisini kwenu. Wakikuuliza nani alimpiga huyu mama, waambie ni gego la chini, upande wa kushoto. Waache wacheke mpaka watosheke. Halafu waoneshe ule mkono ulioko begani, uwaambie una jina, na hotuba yako uianzie hapo.

Ni mimi mama yako, mwenye pengo.